Mashuka ya Kijani ya Upande wa Mashariki

Siku ya themanini na mbili tangu mlango wa mashariki upasuke, Niwaeli aliamka kichwa kinamgonga, na akawa amekasirika kabla hajavaa viatu. Alijikasirikia mwenyewe, na hasira ya namna hiyo ni mzigo kweli, maana huna wa kumgombeza. Unaamka nayo, unanywa nayo chai, unakwenda nayo kazini.

Upande wa pili wa pazia mama mkwe wake, Bi. Nakijwa, alikuwa anakohoa. Alikohoa mara tatu kwa ufupi, mara moja kwa urefu, kisha ukaja ukimya wa mtu anayeitafuta hewa. Niwaeli alisimama na soksi mkononi akingoja ukimya ule uishe. Ulipoisha, naye akapumua.

"Umeamka, mwanangu?"

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimejihesabu leo. Nimepumua mara thelathini na moja kwa dakika. Daktari alisema nisizidi thelathini. Sasa akija nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli, mama."

"Nitamwambia thelathini na nusu," alisema Bi. Nakijwa. "Ukweli wote wa nini asubuhi hii?"

Niwaeli alicheka, kisha akaacha. Hewa iliyokuwa inamkaba yule mama ilikuwa hewa yake yeye. Miezi miwili nyuma ni yeye, Niwaeli, mkuu wa Shamba la Mshitu, aliyesimama mbele ya kamati akasema: mimea haina hewa ukaa ya kutosha, fungueni bomba. Na kufungua bomba ni kazi rahisi mno ukiwa Mirihi. Handaki la Mshitu limechimbwa chini ya mwamba, na juu ya mwamba hakuna kitu ila baridi, vumbi na hewa ukaa. Unaivuta, unaipasha moto, unaimwaga ndani. Shamba na makazi vinatumia hewa moja, kwa hiyo anachovuta mchicha ndicho anachovuta mtu. Walitoka sehemu elfu moja kwa milioni wakapanda hadi elfu tano, na watu mia nne na kumi na wawili wakaanza kuamka vichwa vinawagonga. Walivumilia. Niwaeli alikuwa amewaambia chakula kitaongezeka, na Niwaeli si mtu wa kubahatisha.

Upande wa magharibi chakula kiliongezeka kidogo. Upande wa mashariki hakikuongezeka hata kidogo.

Mwenyekiti Kallaghe alikuwa anamngoja kwenye ukumbi mwembamba, chini ya kipimo cha hewa, mikono ameifunga nyuma. Alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, na siku akiwa na jambo baya sauti ile ilizidi upole. Leo ilikuwa laini kabisa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Niwaeli. Umelala?"

"Nimejilaza tu."

"Na mimi hivyo hivyo." Alikiangalia kipimo. "Kamati imekaa jana. Ghala lina siku themanini. Maharage yanataka sabini. Upande wa mashariki ukiendelea hivi, siku ya themanini na moja tutapeana pole. Kwa hiyo tunapandisha. Kesho, elfu kumi na mbili."

"Mzee! Watu watasinzia wamesimama."

"Watasinzia wakiwa hai."

"Na wenye vifua?"

Mlango ulipopasuka, wapo waliokufa na wapo walioungua mapafu kwa ile baridi. Hao wa pili walikuwa kumi na mmoja, na Bi. Nakijwa alikuwa mmojawapo. Elfu tano walikuwa wanaimudu kwa shida. Kumi na mbili daktari alishasema wazi: hawataimaliza wiki.

"Chumba chenye hewa yake kina vitanda vinne," alisema Kallaghe. "Cha kwanza nimeandika jina la mama mkwe wako. Wewe ni mkuu wa Shamba. Hakuna atakayeuliza."

Niwaeli alifurahi. Tusimfiche, alifurahi, kitambo cha kufumba na kufumbua. Kisha aibu ikampanda toka miguuni mpaka masikioni.

"Na wale saba?"

"Mwanangu, usiniulize hivyo."

"Nakuuliza, mzee. Ushauri ule ulikuwa wangu. Mkipandisha na mimi nikawa nimekosea, watu saba watakufa kwa hesabu yangu, na hata hayo maharage hatutayaona."

"Basi nionyeshe ulipokosea," alisema Kallaghe, na sasa upole ulikuwa umemwisha. "Kikao ni kesho saa mbili asubuhi. Bomba linafunguliwa zaidi saa tatu."

* * *

Shamba la Mshitu lina matuta sitini, kila tuta na taa yake juu. Ukiingia unakutana kwanza na upande wa magharibi: mchicha mnene, nyanya zimejiinamia, viazi majani yake yamesongamana hata huoni udongo. Unatembea hatua mia, unafika mashariki. Huko maharage yalikuwa marefu na membamba, rangi imepauka, yanainama kabla ya kutoa ua. Na huko, tusidanganyane, ndiko kulikokuwa kuzuri kwa macho kuliko kwingine kote Mshitu. Mwanga wake ulikuwa wa kijani, mtulivu. Wazee walipenda kwenda kukaa pale. Walisema pamekuwa kama nyumbani, kwenye migomba.

Mwanga ule ulitoka kwenye mashuka. Kila mtu wa Shamba hupewa shuka jepesi la kijani, la kujitanda begani siku za shughuli. Asubuhi ya msiba watu ishirini na sita walikuwa wameyaacha mashuka yao yananing'inia misumarini, wakaingia kazini na magwanda. Mlango ukapasuka, hewa ikatoka nje kwa kishindo, ikawachukua. Miili mingi haikuonekana. Yalibaki mashuka. Ndipo wafiwa wakafanya walichoona ni haki: kila familia ilitandaza shuka la mtu wake chini ya taa ya tuta lake, likae hapo mpaka litoke vuno la kwanza la tuta lile, lipikwe, liliwe na wote. Hapo ndipo msiba ungeanuliwa. Hakuna aliyeamuru. Walifanya wawili, wakafuata wote, na baada ya wiki likawa jambo ambalo huligusi.

Niwaeli alipiga magoti kwenye tuta la Semvua, mumewe. Alikuwa amelipima tuta hili mara nyingi kuliko sahani anazokula, na sasa akalipima tena. Udongo, nyuzi ishirini na tatu. Joto zuri, si baridi, si moto wa kuchosha majani. Maji, ya kutosha. Mwanga: alikinyanyua kile kifaa chake kidogo juu ya majani, kikamwambia kama kilivyomwambia siku zote, kwamba mwanga umepungua kidogo tu, unatosha.

Alikaa chini. Aliwahi kuwafundisha watoto wa shule jambo hili, wakamwelewa vizuri. Jani ni jiko. Linavuta hewa ukaa kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, linaletewa maji na mizizi, na kwa nguvu ya mwanga linayapasua maji yale, linatoa oksijeni, linabaki na sukari. Vitabu vinaita usanisinuru. Yeye aliwaambia watoto ni kusonga ugali. Una maji, una unga, una moto. Moto ukiwa hafifu, hata umwage unga gunia zima, ugali hauivi upesi. Utakuwa na sufuria ya unga mbichi. Kilicho haba ndicho kinachoamua, kilichozidi hakisaidii. Sasa hapa maji yapo, joto lipo, mwanga upo. Kilichobaki kilikuwa hewa ukaa, akaileta, na ugali haukuiva. Alikosea wapi?

"Hodi huku kwa wavivu!"

Alikuwa Mbazi, msimamizi wa watu wa Juu, wale wanaovaa magwanda mazito na kutoka nje kufuta vumbi kwenye paneli za jua. Tangu mwaka wa kwanza watu wa Juu ni watani wa watu wa Shamba. Kwenye harusi wanawaibia vyakula, kwenye msiba wanaosha vyombo, wanamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka wakilia. Na kilichotundikwa na wafiwa hushushwa na mtani, si mtu mwingine.

"Karibu, mla vumbi," alisema Niwaeli bila kuinuka.

"Vumbi letu lina ladha. Siyo hii." Mbazi alitoa kitu mfukoni, akakiinua. "Hii ndiyo nyanya mnayotulisha? Hebu itazame. Nyeusi tii! Mnaivisha kwa moshi nyie?"

Niwaeli alitazama. Nyanya kwenye kiganja cha Mbazi ilikuwa nyeusi.

"Umeitoa wapi?"

"Magharibi, nimeichuma sasa hivi. Na wallahi ilikuwa nyekundu. Labda imeona sura yako ikapata mshtuko."

Niwaeli aliruka akamnyang'anya. Alitoka nayo hatua nne, mpaka kwenye njia ambako hapakuwa na shuka juu. Nyanya ilikuwa nyekundu, imeiva vizuri. Akarudi nayo chini ya shuka la Semvua. Nyeusi. Akatoka tena. Nyekundu. Akarudi.

"Mtani," alisema Mbazi taratibu, "nimwite daktari?"

"Mbazi, hamna wekundu humu."

"Wekundu gani?"

"Nyanya ni nyekundu kwa sababu inaurudisha mwanga mwekundu machoni mwako. Ikikosa mwekundu wa kurudisha, inabaki nyeusi. Shuka linapitisha kijani tu! Nyekundu na buluu yote inaishia kwenye nyuzi za shuka." Alikuwa anaongea upesi. "Na jani, Mbazi, kwa nini jani ni la kijani? Kwa sababu kijani ndicho linachokirudisha zaidi. Halikitaki sana. Chakula chake ni ile nyekundu na ile buluu. Sisi tumechukua chakula tumekizuia, tukaliachia mabaki."

"Na kifaa chako? Si kinapima mwanga?"

Niwaeli alikitazama kile kifaa mkononi kwa chuki. Kilitengenezwa kuona kama jicho la mtu linavyoona, na jicho la mtu linaona kijani kuliko rangi zote. Miezi yote hii kilikuwa kinampimia macho yake yeye. Kuhusu jani hakikuwa kinajua lolote.

"Mashuka yatakaa mpaka mavuno," alisema Mbazi, na utani ulikuwa umemtoka usoni. "Na mavuno hayaji kwa sababu ya mashuka."

"Ndiyo."

"Ee Mungu. Nani atawaambia watu?"

"Mimi."

"Watakutukana, Niwaeli."

"Wanitukane. Wewe ni mtani. Ungeweza kuyashusha leo hii, tukamaliza."

Mbazi alitikisa kichwa. "Nashusha nikiitwa na wafiwa. Bila kuitwa, huo si utani tena. Huo ni wizi wa makaburini."

* * *

Mchana huo Niwaeli alikwenda kwenye bwawa la perege, akakata vipande viwili vya gugu-maji, akavitia kwenye mitungi miwili ya kioo. Maji yaleyale, joto lilelile, taa ileile. Mtungi mmoja aliuweka wazi. Wa pili aliufunika kwa shuka lake mwenyewe la kijani. Gugu-maji likipata mwanga hutoa vipovu pale lilipokatwa, na kila kipovu ni oksijeni ambayo jani limeitoa likisonga ugali wake. Ukihesabu vipovu umehesabu kasi ya kazi. Alihesabu mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatia chembe ya magadi soda kwenye mtungi uliofunikwa, ili maji yake yapate hewa ukaa zaidi, akahesabu tena. Hakuna kilichobadilika, hata kipovu kimoja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, maana hicho ndicho alichowafanyia watu mia nne kwa miezi miwili.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Hakutaka Bi. Nakijwa alisikie jambo lile kikaoni pamoja na watu baki.

Mama alimsikiliza amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni. Hakumkatiza. Alipomaliza, kifua cha yule mama kilikuwa kinapiga filimbi.

"Semvua hana kaburi," alisema. "Unajua."

"Najua, mama."

"Mbazi na wenzake walimtafuta nje siku sita. Nililetewa shuka lililokuwa msumarini. Nikalinusa, nikamwona mwanangu. Nikasema, haya, hili ndilo kaburi. Leo unaniambia kaburi la mwanangu ndilo linaloua shamba?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Na mimi ndiye niliyeshika ngazi ulipokuwa unalitundika. Tulilitundika wote."

"Afadhali nikohoe."

"Si kukohoa tena. Ikifika kumi na mbili hutaweza."

"Nitajua mwenyewe."

"Mwenyekiti amekuwekea kitanda kwenye chumba chenye hewa yake."

"Vipo vingapi?"

"Vinne."

"Na sisi tupo kumi na mmoja." Bi. Nakijwa aligeuza uso ukutani. "Mwambie ampe mwingine. Mimi sihitaji kitanda na wala sishushi shuka. Nenda."

Niwaeli hakwenda. Alisimama pale, na moyo ulikuwa unamwuma kwa kweli, maana alimpenda yule mama kuliko alivyowahi kumwambia, na tangu Semvua aondoke walikuwa wamebaki wawili. Lakini hakuwa na nafasi ya kuyumba.

"Mama, la Semvua sitaligusa bila wewe. Nakuahidi. Lakini kesho nitasema mbele ya watu wote, na nitasema la kwetu limo. Nisamehe."

Bi. Nakijwa alivuta blanketi mpaka masikioni.

* * *

Saa mbili asubuhi Mshitu nzima ilikuwa Shambani, wamejipanga kwenye njia ya katikati, wengine wamekaa kwenye ndoo. Kallaghe alitaka kikao kifanyike kwenye ukumbi wa mikutano. Niwaeli alikataa, na kwa jinsi alivyokataa mzee hakurudia. Mezani mbele yake aliweka mitungi miwili, kila mmoja na taa yake.

Hakuzunguka. "Ndugu zangu, vichwa vinawauma kwa sababu yangu. Nilisema mimea imekosa hewa ukaa. Haikuwa kweli. Nilipima vibaya, kwa kifaa kibaya, na nilikuwa nimesimama chini ya jibu lenyewe siku zote hizo sikuliona." Akawaeleza. Aliwaeleza kwa ugali, kwa nyanya ya Mbazi, ambayo ilipitishwa mkono kwa mkono ndani na nje ya kivuli cha mashuka, nyeusi, nyekundu, nyeusi, mpaka mtu mmoja akaiponda kwa kuibana. Mwanzoni palikuwa na minong'ono. Alipofika kwenye mashuka, minong'ono ilikatika.

Bi. Elineema, mjane aliyepoteza mume na kaka siku moja, alisimama. "Kwa hiyo mume wangu ni pazia? Ndicho unachosema? Tumng'oe tumkunje tumweke kabatini, ili wewe ufiche kosa lako?"

"Sifichi, dada. Nimelisema."

"Udongo wa huku uliganda siku ile! Kila mtu anajua!"

"Udongo una nyuzi ishirini na tatu. Njoo utie mkono."

"Hata mimi nina ndugu yangu pale," alisema Kallaghe, na watu wakageuka. "Tuta la kumi na nne. Niwaeli, tukiyashusha na ukawa umekosea tena, tutakuwa tumewatupa wafu wetu na shamba tusilipate. Bomba angalau halimtukani mtu."

"Bomba litaua watu kumi na mmoja. Ama saba, kwa wale wanaopenda hesabu nzuri." Sauti ya Niwaeli ilipanda, akaiacha ipande. "Na maharage hayatakuja! Mwageni unga wote wa Mirihi kwenye sufuria, moto haupo! Siku themanini za ghala, sabini za maharage. Mna siku kumi za kubishana, na leo tunakula ya kwanza. Sisemi mniamini. Nimeshawakosea mara moja. Hesabuni wenyewe. Nani ana macho mazuri?"

Hakuna aliyesogea. Walitazama chini, wakatazama mashuka. Niwaeli akaanza kujiuliza, kwa mara ya kwanza, atafanya nini wakikataa.

Ndipo kikasikika kikohozi nyuma. Mara tatu fupi, mara moja ndefu. Watu walipisha njia. Bi. Nakijwa alikuja polepole, anashikilia kingo za matuta, na kila hatua tano alisimama. Hakumtazama Niwaeli. Alifika mezani, akavuta ndoo, akaketi.

"Kwenye huu ulio wazi nihesabu nini?"

"Vipovu, mama. Kila kimoja ni hewa tunayoivuta sisi."

"Shika saa."

Alihesabu kwa sauti, kidole hewani, anapumzika katikati ya namba. Alipofika ishirini watu wa nyuma walikuwa wamesimama juu ya vidole. "Thelathini na mbili," alisema dakika ilipoisha. "Huyu mzima kuliko mimi. Haya, huu mwingine."

Niwaeli alichukua shuka lake ili aufunike mtungi wa pili.

"Si hilo," alisema Bi. Nakijwa. "Upeleke chini ya la mwanangu."

Wakauchukua mtungi mpaka kwenye tuta la Semvua, watu wote nyuma yao, ndoo ya mama ikabebwa. Wakangoja mwanga uukolee. Mama aliinua kidole.

"Kimoja." Kimya. Alikohoa, akafuta mdomo kwa kiganja, hakuyaondoa macho. "Viwili." Kimya kirefu zaidi. Bi. Elineema alikuwa amesogea mpaka begani kwake, naye anahesabu kwa midomo bila sauti. "Vitatu. Vinne." Taa ilivuma. "Vitano. Bado?"

"Dakika imeisha, mama."

"Vitano."

"Vitano," alisema Bi. Elineema, taratibu.

Bi. Nakijwa alikaa akiutazama mtungi ule. Yeye aliyeishi miezi mitatu akihesabu pumzi zake asubuhi na jioni hakuhitaji kuelezwa tano ni nini. Uso ulimkunjamana, akalia, wazi, mbele ya watu, bila kujifunika. Niwaeli alitaka kumshika, akasukumwa mkono.

"Semvua hakuwahi kumnyima mtu chakula," alisema mama. "Hata alipokuwa mdogo, alikuwa anagawa mpaka mimi namchapa." Akavuta hewa. Akavuta tena. Kisha akapaza sauti kadiri kifua kilivyomruhusu. "Mbazi! Mtani! Umesimama hapo mdomo wazi, unataka nzi waingie? Wafiwa wanakuita!"

Mbazi alijitokeza, machozi yanamtiririka, na bado akajitahidi. "Bibi, mimi sipandi ngazi na njaa. Nitalipwa nini?"

"Utakula maharage ya mwanangu. Siku ya sabini, sahani ya kwanza. Panda!"

Alipanda. Alifungua fundo la kwanza, la pili, na mwanga mweupe ukamwagika juu ya lile tuta, watu wakaziba macho. Maharage yalionekana yalivyo, manyonge, ya njano, ya kutia huruma. Mbazi aliliteremsha shuka kwa mikono miwili, hakulikunja. Bi. Nakijwa alilipokea, akalinusa, akajitanda begani, akalifunga kifuani kwa fundo gumu.

"Nimesema litakaa mpaka mavuno, na litakaa," alisema. "Nitalivaa mimi."

Kisha Bi. Elineema akasema, "Mtani, tuta la nane. Na la tisa, ni la kaka yangu. Polepole na hilo, limechanika." Nyuma yake sauti ya Kallaghe, laini sana, ikataja la kumi na nne. Watu wa Juu walikuwa tayari wanaburuta ngazi.

Niwaeli alibaki amesimama pale kwenye mwanga, anatazama tuta la mumewe. Alikuwa bado hajalia. Mama mkwe wake alimgeukia kwa mara ya kwanza asubuhi ile, macho mekundu, shuka la kijani begani.

"Na wewe unanitazama nini?" alisema. "Nenda kafunge bomba lako."

Alikwenda. Alitembea ukumbi wote mwembamba mpaka kwenye gurudumu la bomba, akalishika kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka likagoma. Nyuma yake alimsikia mama anakohoa, na watu wanaitana majina ya matuta. Juu ya gurudumu kipimo kilisema elfu tano. Alisimama akiutazama mshale mpaka ulipoanza kushuka.